Henry Spira: Mtetezi wa Wanyama Aliyependa Kuuliza Kuliko Kulaumu

Tarehe 15 Aprili, 1980, wasomaji wa gazeti la New York Times nchini Marekani walilifungua gazeti lao kama ilivyo desturi, wakakuta ukurasa mzima umechukuliwa na tangazo moja. Palikuwa na picha ya sungura mweupe aliyezibwa macho kwa plasta, na pamoja na picha hiyo swali lililoandikwa kwa maandishi makubwa: je, Revlon, kampuni mashuhuri ya vipodozi, hupofusha sungura wangapi kwa ajili ya urembo? Maelezo yaliyofuata yalimtaka msomaji ajifikirie yeye mwenyewe amebanwa kichwa asiweze kukigeuza, kisha aje mtu amvute ukope wa chini na kummiminia dawa jichoni, naye hana hata mkono wa kujipangusia.

Tangazo halikumtukana mtu. Halikumwita mwenye kampuni muuaji, wala halikuwaaibisha akina mama waliokuwa na wanja na rangi za midomo za Revlon katika mikoba yao. Liliwaomba tu wamwandikie mkuu wa kampuni na kumwarifu kwamba hawatanunua tena bidhaa zake mpaka atoe fedha za kutafuta njia nyingine ya kupima vipodozi. Kabla ya mwaka huo kwisha, kampuni ambayo ilikuwa imekaa kimya kwa muda mrefu ilikuwa imetoa dola 750,000 kwa kazi hiyo.

Aliyelipanga jambo hilo alikuwa Henry Spira, mwalimu wa shule ya sekondari ya serikali katika jiji la New York. Hakuongoza chama kikubwa, wala hakuwa na jengo lenye bango mlangoni. Kazi yake aliifanya nyumbani kwake, katika nyumba ya kupanga, baina ya simu na makabrasha, paka wakipita juu ya karatasi. Habari zake zinastahili kusimuliwa kwa kirefu, maana yeyote ambaye amewahi kutaka mkubwa abadili jambo, awe koplo mbele ya kamanda wake au mzazi mbele ya mkuu wa shule, atakutana humo na mambo anayoyafahamu.

Lakini kwanza yafaa kueleza kidogo juu ya watu wa namna yake. Katika nchi za Ulaya na Marekani wapo watu wasiokula nyama, na miongoni mwao wapo wanaokwenda mbali zaidi, hawali samaki wala mayai, hawanywi maziwa, wala hawavai ngozi, kwa kuwa hawataki mnyama yeyote ateseke kwa ajili yao. Hao wa pili walijipatia jina lao huko Uingereza mwaka 1944, nao huitwa vegani. Kwa msomaji wa huku, ambaye nyama huiona mezani siku ya mshahara au siku ya sikukuu, jambo hili laweza kuonekana kuwa ni ugonjwa wa walioshiba. Nao wenyewe mara nyingi wamejiharibia kwa watu, kwa kumkaripia mla nyama kana kwamba ni mwizi aliyefumaniwa. Mtu akikaripiwa hivyo hushika sahani yake kwa mikono miwili. Spira aliacha kula nyama alipokuwa mtu mzima wa miaka arobaini na kitu, tena aliacha moja kwa moja, lakini hakufanya kazi ya kuwakaripia waliobaki mezani.

BAHARIA, ASKARI, MWALIMU

Henry Spira alizaliwa mwaka 1927 katika mji wa Antwerp, nchini Ubelgiji, katika ukoo wa Kiyahudi. Vita kuu ya pili ilipokaribia Ulaya, wazazi wake walihamia Panama, ambako baba yake alifungua duka la kuwauzia mabaharia nguo na mapambo ya bei ndogo. Mwishoni mwa mwaka 1940 walifika New York. Kijana Henry hakukaa sana chini ya dari la wazazi wake; alitoka nyumbani angali mwanafunzi, akajitafutia riziki kiwandani, na mwaka 1945 akaingia baharini katika meli za biashara.

Baadaye aliandikishwa katika jeshi la Marekani, na katika miaka ya 1953 na 1954 aliwekwa Berlin. Huko alipewa kazi ambayo huenda ndiyo iliyomfundisha zaidi kuliko shule. Kila juma alisimama mbele ya mamia ya askari na kuwaeleza habari za ulimwengu. Yeyote aliyewahi kuhutubia askari waliotoka zamu anajua kwamba hao si wasikilizaji wepesi. Wamechoka, wanataka chakula na usingizi, na maneno makubwa huwafanya watazame saa. Asiyejua kusema jambo kwa ufupi na kwa mfano unaoonekana huongea peke yake.

Alipotoka jeshini alifanya kazi katika kiwanda cha magari cha General Motors, akasoma mpaka akapata shahada mwaka 1958, na wakati huo huo akawa anaandika katika magazeti ya wafanyakazi. Ndivyo alivyofika katika majimbo ya kusini ya Marekani wakati watu weusi walipokuwa wamesusia mabasi. Katika mji wa Montgomery, Alabama, watu hao walikwenda kazini kwa miguu na kwa magari ya kushirikiana kwa siku 381, tangu Desemba 1955 hadi Desemba 1956, mpaka sheria ya kuwatenga ndani ya mabasi ikaondolewa. Spira aliyaona hayo kwa macho yake. Aliona kwamba wafua nguo na wapishi, watu wasio na bunduki wala benki, walishinda kwa kuchagua jambo moja ambalo kila mtu angeweza kulielewa, kisha wakakaa juu yake bila kuyumba.

Katika chama cha mabaharia alijiunga na wale waliokuwa wakipigania uchaguzi wa haki dhidi ya viongozi walionenepa kwa michango ya wanachama. Huo haukuwa mchezo. Mwaka 1966 mmoja wa wenzake katika mapambano hayo alishambuliwa kwa mabomba ya chuma, akaumizwa vibaya. Mambo haya yanatajwa ili asije mtu akadhani kwamba upole wa Spira ulikuwa upole wa mwoga. Alikuwa ameonja ubabe wa kila namna. Mwaka huo huo wa 1966 aliingia darasani, akawa mwalimu wa fasihi ya Kiingereza kwa watoto wa maskini, na kazi hiyo akaishika kwa miaka mingi.

Hadi hapo wanyama hawakuwa shughuli yake. Mwaka 1973 rafiki yake mmoja alimwachia paka, na Spira, ambaye hakuwahi kuwaza mambo hayo, akajikuta anampapasa mnyama mmoja kwa mkono wa kushoto huku mkono wa kulia umeshika uma wenye kipande cha mnyama mwingine. Wakati ule ule akasoma makala ya mwanafalsafa kijana kutoka Australia, Peter Singer, aliyedai kwamba maumivu ni maumivu, yawe ya mtu au ya mnyama, na kwamba hakuna sababu ya haki ya kuyapuuza ya mmoja. Mwaka 1974 Singer akafundisha masomo ya jioni katika Chuo Kikuu cha New York. Spira akaenda kukaa darasani kama mwanafunzi. Masomo yalipokwisha, aliwauliza wenzake swali la baharia: vema, tumeelewa, sasa tufanye nini?

PAKA WA JUMBA LA MAKUMBUSHO

Vyama vya kutetea wanyama havikuwa vigeni Marekani. Chama cha kwanza cha kupinga majaribio ya maabara kiliundwa Philadelphia mwaka 1883. Vilikuwa na fedha, vilichapa vijarida vyenye picha za kusikitisha na kuvipeleka kwa wanachama wake, ambao tayari walikuwa wamekwisha kusikitika. Wakati huo huo idadi ya wanyama katika maabara ilizidi kukua. Spira aliwatazama kama fundi anavyotazama mashine inayonguruma bila kusaga kitu. Akaamua kutafuta jambo moja, dogo kiasi cha kuweza kushindwa, na baya kiasi kwamba hata mpita njia asiyependa paka angeshindwa kulitetea.

Alilipata katika Jumba la Makumbusho ya Viumbe la New York, mahali ambapo wazazi hupeleka watoto wao kuona mifupa ya wanyama wakubwa mno wa kale. Juu ya mifupa hiyo, katika maabara isiyoonwa na wageni, wataalamu walikuwa kwa miaka mingi wakiwapofusha paka, kuwaziba masikio, kuwaharibu sehemu za ubongo na kuwakata mishipa ya fahamu, kisha wakitazama jinsi wanavyopandana. Fedha zilitoka katika hazina ya serikali. Spira hakuyapata haya kwa uvumi. Ipo sheria ya mwaka 1966 inayompa raia wa Marekani haki ya kuomba karatasi za serikali, naye akaitumia, akazisoma ripoti za wataalamu wenyewe ukurasa kwa ukurasa, akanukuu maneno yao pasipo kuongeza chumvi.

Kisha akaomba kuonana na wakuu wa jumba. Jambo hili alilifanya daima kabla ya lolote lingine, na ndilo wengi wanalolisahau. Aliona kwamba mtu anayefikiwa kwanza na maandamano hana njia ila kujihami, ilhali mtu anayefikiwa kwanza na barua aweza bado kujibu kwa heshima. Wakuu wa jumba hawakutaka mazungumzo. Basi, tangu majira ya joto ya mwaka 1976, kila mwisho wa juma, Spira na wenzake walisimama nje ya mlango na vipeperushi. Hawakumzuia mtu kuingia. Waliwapa wazazi karatasi yenye maelezo na kuwaachia waamue. Wazazi wengi walipokwisha kuisoma waliingia ndani wakiwa na maswali kwa watu wa mlangoni.

Jambo likaanza kusafiri lenyewe. Gazeti la wanasayansi, Science, likaandika juu yake mwaka huo wa 1976. Mbunge wa New York, Edward Koch, ambaye baadaye alikuwa meya wa jiji hilo, alikwenda kuitembelea maabara na kuwauliza wataalamu wamejifunza nini. Walimweleza kwamba paka dume aliyeharibiwa ubongo aweza kumpanda hata sungura. Akauliza gharama, akaambiwa kwamba serikali ilikuwa imekwisha kutoa zaidi ya dola 400,000. Maswali na majibu hayo aliyaingiza katika kumbukumbu rasmi za bunge bila kuhitaji kuongeza maneno mengi ya kwake. Mwaka 1977 majaribio yalisimamishwa. Kwa watu waliokuwa wamepinga maabara tangu enzi za babu zao, ilikuwa mara yao ya kwanza kuona mlango wa maabara ukifungwa kwa sababu ya sauti ya raia.

SABUNI JICHONI

Kila mama aliyewahi kumwogesha mtoto anajua kilio kinachotoka sabuni ikiingia jichoni. Spira alilijua hilo, na ndiyo sababu alipotafuta jambo la pili akachagua kipimo cha macho ya sungura. Kipimo hiki kilitungwa mwaka 1944 na mtaalamu wa serikali ya Marekani, John Draize, baada ya watu kuumizwa na vipodozi visivyopimwa. Sungura hutiwa katika sanduku, kichwa nje, asiweze kujikuna. Dawa, shampuu au wanja hutiwa katika jicho moja, na jicho la pili huachwa kwa kulinganisha. Kwa siku kadhaa mtaalamu hulitazama jicho na kuandika kiasi gani limewasha, limevimba, au limekufa. Sungura alichaguliwa kwa kuwa ana macho makubwa, ni mpole, na machozi yake ni machache, hivyo hawezi kujisafisha upesi.

Ikumbukwe kwamba kipimo hicho hakikuanzishwa na watu wakatili. Kilianzishwa ili kumkinga mnunuzi asipofuke. Spira hakulikana hilo, na hapo ndipo alipotofautiana na wenzake waliokuwa wakipiga kelele nje ya maabara. Hoja yake ilikuwa kwamba elimu imesonga mbele sana tangu 1944, watu wamekwisha kutembea mwezini, lakini kampuni zenye mabilioni zinapima wanja kwa njia ile ile ya zamani kwa sababu tu hakuna aliyewaomba watafute nyingine.

Kati ya kampuni zote alichagua Revlon. Kampuni hiyo haikuwa mbaya kuliko nyingine, lakini ilijulikana kwa kila mwanamke, na ilikuwa ikiuza urembo. Picha ya kipofu haikai vizuri kando ya chupa ya manukato. Mwaka 1978 akawapelekea ombi lake. Hakuwataka waache kipimo kesho. Hakuwataka wafunge kiwanda. Aliwaomba watenge sehemu moja katika kila sehemu 10,000 za mapato yao, yaani dola moja katika kila dola 10,000, wazipe maabara zitafute njia isiyohitaji sungura. Ombi hilo lilikuwa dogo sana hata kulikataa kukawa aibu. Alikuwa amelikata makusudi kwa kipimo hicho, kama fundi cherehani akatavyo nguo ya mtu mwenye haya.

Maofisa wa Revlon walimpokea kwa adabu, wakamsikiliza, wakamwahidi kulifikiria, na mwaka ukapita. Spira hakukasirika hadharani. Wakati wao walipokuwa wakifikiria, yeye alikuwa akikusanya vyama, vikubwa na vidogo, vilivyokuwa havisemezani, mpaka vikazidi 400, vyote vimekubaliana kusema jambo moja tu na kuyaacha mengine kwa muda. Ndipo likaja lile tangazo la Aprili 1980. Mwezi uliofuata watu wapatao 300 wakaandamana mbele ya ofisi za kampuni, baadhi yao wamevaa mavazi ya sungura, kwa amani, hata polisi hawakuwa na kazi kubwa.

Lililo muhimu ni alichokifanya baadaye. Katika mapambano yote hayo hakuwahi kuukata uzi wa simu. Kampuni ilipomweka ofisa mwingine kushughulika na jambo hilo, Spira alizungumza naye kama mtu anayezungumza na mshirika wa biashara ambaye bado hajatia sahihi. Tarehe 23 Desemba, 1980, Revlon ikatangaza kwamba itatoa dola 750,000 kwa miaka mitatu kwa Chuo Kikuu cha Rockefeller. Spira alikuwapo wakati wa kutangaza, na hakusema kwamba wameshindwa. Alisimama akawasifu kwa kuwa wa kwanza, akasema kwamba sasa ni zamu ya wengine kuonyesha kwamba nao wana moyo huo huo. Wakubwa waliokuwa wamejiandaa kwa fedheha wakatoka pale wakiwa mashujaa.

Wenye kampuni nyingine hawakungoja tangazo la sungura liandikwe kwa jina lao. Avon ikatoa fedha kama hizo, na chama cha watengenezaji vipodozi kikatoa dola 1,000,000, ambazo kwazo kituo cha kutafuta njia badala ya wanyama kilianzishwa mwaka 1981 katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, mjini Baltimore.

LAWAMA ZA WENZAKE

Si wote waliomshangilia. Baadhi ya watetezi wa wanyama walimwona kuwa msaliti. Walisema kwamba anakula meza moja na watesaji, kwamba dola moja katika 10,000 ni rushwa ya dhamiri, na kwamba mwenye haki haombi robo ya haki yake. Lawama hizo hazikuwa za kipuuzi kabisa. Baada ya zile dola 750,000 kutolewa, sungura hawakutoka sandukuni siku ile. Walibaki humo kwa miaka kadhaa, na aliyekuwa akihesabu macho yao alikuwa na haki ya kuuliza upole huo unamfaa nani.

Spira alijibu kwa swali lake la daima: njia yenu imemwokoa nani, na lini? Hakupenda kuugawa ulimwengu katika watakatifu na waovu. Alijua kwamba yeye mwenyewe alikula nyama zaidi ya miaka 40 bila kuwa mtu mbaya, na kwamba kama mtu angemwendea na ngumi siku zile asingeacha. Mtaalamu wa maabara, kwa maoni yake, alikuwa mtu aliyezoea kufanya kazi kwa njia aliyofundishwa. Mzoefu huyo akionyeshwa njia nyingine isiyomvunjia heshima wala kumnyima mshahara, huenda akaifuata. Akiitwa muuaji, hataifuata hata kama ni fupi zaidi.

Hata hivyo, yako mahali ambapo njia hiyo iligonga mwamba, na makala hii ingekuwa ya uongo kama ingeyaficha. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Spira aliwageukia wanyama wa mashambani, maana hesabu ilimwambia kwamba kwa kila mnyama wa maabara Wamarekani walikuwa wakila kuku wengi mno, mabilioni kwa mwaka, wanaokuzwa kwa kubanana ndani ya mabanda makubwa. Akamwandikia Frank Perdue, mfanyabiashara wa kuku aliyejulikana kwa kujitokeza mwenyewe katika matangazo ya televisheni. Perdue hakukubali kuzungumza. Spira akaweka tangazo, kisha jingine, na yalikuwa makali kuliko yale ya Revlon. Moja lilimchora Perdue na pua ndefu ya mwongo. Perdue hakutikisika. Kuku walibaki walivyokuwa. Huenda mtu anayeuza chakula cha kila siku hana hofu aliyo nayo mtu anayeuza urembo. Huenda pia Spira, kwa mara moja, aliacha kumwachia mwenzake mlango wa kutokea kwa heshima.

Mambo yalikwenda vizuri zaidi kwa McDonald's, kampuni ya mikahawa. Huko alinunua hisa, akawa kwa njia hiyo mwenye kampuni mmojawapo, na kuleta hoja yake katika mkutano wa wenye hisa kama wenzake. Baada ya mazungumzo ya miaka, mwaka 1994 kampuni ikatoa tamko kwamba inawataka wanaoiuzia nyama wawatendee wanyama kwa ubinadamu. Tamko peke yake halijazi banda nafasi, lakini mpaka siku hiyo kampuni ya aina hiyo ilikuwa haijakubali hata kwamba jambo hilo linaihusu.

Mwaka huo huo wa 1994 lilitokea jambo ambalo mfugaji wa huku atalielewa upesi. Wizara ya Kilimo ya Marekani ilikuwa imeagiza kwamba ng'ombe walioletwa kutoka Mexico wapigwe chapa ya moto shavuni, herufi M, ili waweze kufuatiliwa kwa ajili ya kifua kikuu cha ng'ombe. Chapa ya moto si ngeni kwa wafugaji, lakini shavu ni mahali penye maumivu makali kuliko paja, na ng'ombe hupigwa akitazama chuma kikimjia. Spira alizungumza na wizara, akaona mambo yanachelewa, akachapisha picha moja ya ng'ombe wakati chuma kikimgusa uso. Simu na barua zikamiminika wizarani kwa maelfu. Wizara ikaiondoa amri hiyo na kutafuta njia nyingine ya kuwatambua ng'ombe. Ukitazama vizuri, hakuna aliyewaambia Wamarekani waache nyama ya ng'ombe. Waliombwa wasiichome nyuso zao kwanza, na wala nyama ndio waliopiga simu nyingi.

Spira alikuwa amekwisha kuugua aliposhughulika na baadhi ya mambo hayo ya mwisho. Alifariki dunia kwa saratani tarehe 12 Septemba, 1998, nyumbani kwake New York, akiwa na umri wa miaka 71. Mwaka huo huo Peter Singer, mwalimu wake wa masomo ya jioni, alichapisha kitabu kinachoeleza maisha na kazi zake.

Kuhusu sungura, Avon na Revlon zilitangaza mwaka 1989 kwamba zinaacha kupima vipodozi kwa wanyama. Tarehe 11 Machi, 2013, nchi za Umoja wa Ulaya zilipiga marufuku kuuza katika masoko yao kipodozi chochote kilichopimwa kwa mnyama. Siku hizi maabara nyingi hutumia chembe hai za ngozi na za jicho la binadamu zilizokuzwa ndani ya vyombo vya kioo na plastiki, na kile kituo cha Baltimore, kilichoanzishwa kwa fedha za wauza wanja, kingali kinaendelea na kazi yake.